Somo: Kuwatazama bata mzinga wa porini wanaoingia nyuma ya nyumba

Somo hili ni kwa walioko jimbo la Massachusetts, Marekani, na majimbo jirani. Bata mzinga wa porini walikwisha kabisa jimboni humo kufikia 1851. Wanaokatiza nyuma ya nyumba za Massachusetts leo ni hasa uzao wa ndege 37 walioletwa kutoka New York mwaka 1972 na 1973, kwa hiyo wanastahili kutazamwa kwa makini.

1. Kaa ndani. Macho ya bata mzinga yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka. Zima taa ya chumba, kaa mita moja au mbili nyuma ya kioo. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za milimita 42) inatosha. Ukiona shingo zimenyooka juu na kudonoa kumekoma, ujue umeonekana: baki vilevile ulivyo mpaka warudi kula. Ukijificha kwa haraka ndipo wanapokimbia.

2. Wahi alfajiri. Hulala juu ya miti na hushuka kunapopambazuka. Saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama nazo ni nzuri.

3. Tambua nani ni nani. Wengi huangalia ndevu, yale manyoya membamba yanayoning'inia kifuani, na hapo ndipo wanapokosea, maana majike wachache nao wanazo. Anza na manyoya ya kifua: ya dume yana ncha nyeusi, ya jike ncha za kahawia. Kisha kichwa. Cha dume hakina manyoya, kina wekundu, ubuluu na weupe unaobadilika ghafla kwa hali aliyonayo. Kile kinyama cha juu ya mdomo hurefuka na kuning'inia akitamba mbele ya majike, na hujikunja akishtuka. Kichwa cha jike ni cha kijivu, kina vinyoya vichache. Dume akitandaza mkia, tazama ukingo wake: manyoya ya katikati yakizidi ya pembeni kwa urefu, huyo bado ni kijana, ukingo ukiwa sawa, amekomaa.

4. Wamepita hukuwaona? Angalia kinyesi. Cha dume ni kirefu, kimepinda mwishoni kama herufi J. Cha jike kimejiviringa.

5. Andika. Tarehe, saa, madume, majike, vifaranga, na upande walikotokea. Kundi likitawanyika kwenye nyasi utahesabu mmoja mara mbili. Subiri wapite mmoja mmoja kwenye upenyo wa uzio.

Na tafadhali msiwalishe. Wakizoea chakula huacha kuwaogopa watu, na mahindi yaliyolowa huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo huwadhuru sana. Fagia pia mbegu zinazodondoka chini ya vilishio vya ndege wadogo.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo, mkuu. Kuna dume anadonoa mlango wa gari langu kila asubuhi. Tatizo nini?*
Anaona kivuli chake kwenye rangi inayong'aa na kukidhani ni dume mwenzake. Hutokea zaidi majira ya kuchipua. Funika gari kwa turubai. Kwa dirisha la chini, bandika karatasi upande wa nje.

*Jike aliyekuwa akija kila siku ametoweka tangu Mei. Ameliwa?*
Huenda anaatamia. Hutaga mayai 10 hadi 12 chini ardhini na kuyalalia siku 28, akitoka muda mfupi tu kula. Usimtafute, akishtuliwa anaweza kuyasusa. Vifaranga wakitokea, mbwa afungwe: kwa wiki mbili hivi hawawezi kuruka mtini, hulala chini wakiwa wamefunikwa na mbawa za mama.

*Dume mmoja anamfuata mwanangu mpaka kituo cha basi la shule. Tufanyeje?*
Asigeuke kukimbia. Mtu mzima amsindikize, amwendee ndege huyo kwa kelele na fagio, au ammwagie maji kwa mpira wa bustani. Nyumba nzima ifanye hivyo, na majirani pia, kwa sababu anayemkimbia humhesabu kuwa yuko chini yake. Ulizeni vilevile kama kuna jirani anayewatupia mahindi. Jirani huyo asipoacha, dume atarudi tu.