Kabla ya kuanza vidonge vya seleniamu: mambo ya kuzingatia

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 za seleniamu, madini yaliyomo kwenye chakula, kwa siku, mjamzito 60, anayenyonyesha 70. Mikrogramu 55 ni kama uzito wa chembe moja ya chumvi ya mezani. Kiasi ni kidogo hivyo, lakini mwili hukitumia kutengeneza protini zipatazo 25. Baadhi huvunja peroksidi, kemikali kali zinazozalishwa mwilini, kabla hazijaharibu seli, nyingine huigeuza homoni ya tezi ya thairoidi, T4, kuwa T3 ambayo ndiyo inayofanya kazi yenyewe. Ndiyo sababu tezi hiyo, gramu kwa gramu, ina seleniamu nyingi kuliko kiungo kingine chochote.

Anza na sahani yako, dukani baadaye. Mayai mawili ya kuchemsha yana mikrogramu 30 hivi. Gramu 85 za sardini za kopo zina takriban 45. Hapo tayari umefika 75, yaani umevuka mahitaji ya siku nzima, na bado hujagusa kuku, nyama wala nafaka. Andika ulichokula kwa siku 3 au 4, kisha jumlisha. Wengi wanaokula samaki na mayai mara kwa mara watakuta hawana pengo la kuziba.

Kwa anayetegemea zaidi mimea hesabu ni ngumu, kwani ngano ya shamba moja inaweza kuwa na seleniamu mara nyingi zaidi ya ngano ya shamba jingine. Mmea huchukua kilichomo ardhini. Huko Keshan, kaskazini-mashariki mwa China, udongo maskini wa seleniamu ulichangia ugonjwa wa moyo uliowapata hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Finland ilipogundua ardhi yake ina upungufu, tangu 1984 iliagiza seleniamu ichanganywe kwenye mbolea, na viwango vya wananchi vikapanda. Jiulize basi nafaka yako inatoka wapi.

Karanga za Brazil zihesabiwe peke yake. Gramu 28, yaani punje 6 hadi 8, zinaweza kubeba zaidi ya mikrogramu 500. Kikomo cha juu kwa mtu mzima ni 400 kwa siku kwa wataalamu wa Marekani, na 255 kwa wa Umoja wa Ulaya tangu 2023. Punje moja kwa siku inatosha, na ukizila, usiongeze kidonge juu yake.

Kama bado unafikiria kidonge, geuza chupa usome lebo taratibu. Kipimo kiwe mikrogramu (µg au mcg), kamwe si miligramu (mg): ukichanganya hizo mbili umekosea mara elfu moja. Angalia pia vidonge vya vitamini mchanganyiko unavyomeza tayari, maana mara nyingi vina mikrogramu 55 au zaidi, na watu husahau kuvijumlisha.

Kipimo cha damu kina maana ukiwa unasafishwa damu kwa ugonjwa wa figo, unalishwa kwa mshipa, au utumbo haufyonzi chakula vizuri. Mikrogramu 80 kwa lita ya plazma (sehemu ya majimaji ya damu) kwenda juu kwa kawaida zinatosha. Usipime ukiwa na homa au maambukizi, kwa kuwa uvimbe mwilini hushusha namba hiyo hata kama akiba ipo.

Suala la madini joto, yaani iodini, halifai kurukwa. Mwenye upungufu wa iodini na seleniamu kwa pamoja akianza seleniamu peke yake, tezi ya thairoidi iliyokwisha dhoofika inaweza kuzorota zaidi. Iodini irekebishwe kwanza, chini ya uangalizi wa daktari.

Na usinunue kwa matumaini ya kukinga saratani. Jaribio kubwa la Marekani na Kanada lililohusisha wanaume zaidi ya 35,000, baadhi yao wakipewa mikrogramu 200 za seleniamu kwa siku, lilisimamishwa 2008 bila kuonyesha kinga dhidi ya saratani ya tezi dume. Utafiti mwingine uliona kisukari cha aina ya 2 kikiongezeka, hasa kwa walioanza wakiwa na viwango vya juu. Anayefaidika ni aliyepungukiwa.

Dalili za kuzidisha zijulikane mapema: pumzi inayonuka kitunguu saumu ilhali hujakila, ladha ya chuma mdomoni, kucha zinazovunjika na kupata mistari, nywele kudondoka. Mwaka 2008 nchini Marekani, kirutubisho cha maji chenye seleniamu mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo kiliwadhuru watu 201. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, acha siku hiyo hiyo, usiitupe chupa. Nenda nayo kwa daktari.