Sponji na foamu za kufungia vitu vya kuvunjika: chagua hivi kabla mzigo haujapanda basi

Mimi nafungasha vyombo vya kioo na sahani kutoka Dar kwenda mikoani, mzigo mwingi unaenda kwenye buti la basi, na kosa naloliona kila siku ni mtu kudhani kitu kikiwa laini mkononi basi ndo kinalinda. Hapana jamani. Nilishatuma seti ya sahani Mwanza nimeizungushia sponji ya godoro ya sentimita 5, mteja kafungua kakuta nne za chini zimepasuka, yaani ule uzito ulikuwa umeshailalia sponji mpaka ikaisha, boksi lilipotua chini ni kama halikuwa na kitu ndani. Ilikuwa zawadi ya harusi, iliniuma sana.

Hatua ya 1: pima uzito wa kitu unachofunga. Mzani wa jikoni unatosha, wa dukani pia sawa.

Hatua ya 2: jua unanunua nini. Ile nyeupe ya punje punje ya kwenye maboksi ya TV ni polistirini, karibu yote ni hewa, nyepesi na inabeba uzito vizuri ila ikishabonyea hairudi, kwa hiyo kipande kilichopondeka kwenye safari iliyopita usikirudie, na usiipake gundi yenye petroli au asetoni maana itayeyuka. Sponji ya godoro ni poliyurethini, vinyweleo vyake viko wazi, inanyonya maji, mvua ikiingia kwenye buti inakaa na unyevu na boksi linalegea, mi naitumia kwa vitu vyepesi tu kama glasi za shina refu au mapambo. Halafu kuna polietilini, ile inayokuja kwenye roli au mbao nene, ukiibonyeza inarudi, maji haiingizi, inavumilia kudondoshwa zaidi ya mara moja. Mzigo wa basi unashushwa na kupandishwa mara nyingi, kwa hiyo ukiniuliza moja tu ntakwambia hiyo. Kwa bodi za kompyuta tafuta ile ya pinki isiyokusanya umeme.

Hatua ya 3, na hapa usiharakishe. Weka kitu chako juu ya kipande cha foamu kisha angalia pembeni. Kikizama kidogo tu, safi. Kikizama mpaka nusu kikiwa kimetulia tu, kikidondoka kitagonga chini, kwa hiyo tafuta foamu ngumu zaidi au tandaza uzito kwenye eneo kubwa. Na kama hakizami kabisa nayo ni shida, foamu itakuwa kama ubao, mshtuko wote unaenda kwenye kioo. Hapo usinunue nyingine, punguza tu sehemu inayogusa, kata vipande uweke kwenye kona nne badala ya kulaza shiti zima, foamu ile ile inaanza kufanya kazi.

Hatua ya 4: acha sentimita 5 kila upande kati ya kitu na boksi, chini na juu pia, watu wanasahau juu. Sahani zisimamishe kwa ukingo, usizilaze, na kila moja iwe na shiti ya foamu ya polietilini ya milimita 2 au 3. Maikrowevu toa sahani yake ya kioo uifunge peke yake. Babo rapu, ile plastiki ya mapovu ya hewa, igeuze mapovu yaelekee kwenye kitu.

Hatua ya 5: funga, tikisa. Ukisikia kitu kinacheza fungua uongeze, usijiambie itafika hivyo hivyo. Kama ni bidhaa utakayotuma kila wiki, chukua moja ufunge kama ya mteja, idondoshe toka usawa wa kiuno, mara ya kwanza kwa chini yake, kisha kwa kona, kona ndo inaumiza zaidi, halafu fungua uone. Glasi moja uliyoivunja mwenyewe nyumbani ni rahisi kuliko dazeni iliyovunjikia njiani na mteja anakupigia simu.