Katuni ya Unga: Kuchora Juu ya Video Bila Kumuumbua Mtu

Filamu ya A Scanner Darkly (2006) ya Richard Linklater ilipigwa kwanza na waigizaji halisi, kisha wachoraji wakachora juu ya picha zao kwa programu ya Rotoshop. Ndani yake askari kanzu anavaa vazi linalobadilisha sura kila mara, hata mkuu wake asimjue. Njia hiyo ya kuchora, rotoskopi, inawezekana kwa simu na laptopu. Wanaotaka katuni fupi kuhusu uraibu wa unga, yaani heroini, huipenda wakidhani mchoro unamficha mtu. Haumfichi. Makovu unaweza kuyafuta, lakini mwendo, mabega na namna ya kushika sigara vinabaki, na Unguja mtu hutambulika kwa mwendo tangu yuko upande wa pili wa soko la Darajani.

Kwa hiyo anayesimulia asiwe anayeigiza. Chukua maelezo kwa waliopata nafuu, kwa ruhusa ya msimamizi wa soba (nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya), badilisha mtaa na kazi ya mtu, kisha mpe mwigizaji mwingine mwili na mtu wa tatu sauti. Kubana sauti kwa programu hakutoshi, maana mjuzi anaweza kuirudisha. Ridhaa iandikwe mtu akiwa ametulia. Aliye kwenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, hukubali lolote.

Dakika moja inatosha kwa kuanzia. Piga video kwa fremu (picha) 24 kwa sekunde, chora moja na uruke moja: michoro 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Mchoraji akitumia dakika 10 kwa kila mchoro, hizo ni saa 120 za kazi. Wachoraji wanne wagawane kwa mhusika, wasigawane kwa sekunde, la sivyo pua ya mtu itabadilika kila baada ya muda.

Simu iwe juu ya stendi, na mwangaza na fokasi vifungwe. Chini ya taa za umeme weka shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde, kwani umeme wetu ni wa hezi 50 na shata isiyolingana nao inaweza kuleta mimweko. Mavazi yawe ya rangi moja. Kanga ni nzuri kwa macho lakini ni adhabu kwa mchoraji: kila ua na kila herufi ya jina lake lazima ichorwe upya, na ukikosea kidogo nguo nzima inachemka, yaani inatetemeka, kwenye skrini. Mandhari ichore mara moja tu, iwe tabaka la chini lisiloguswa.

Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, ndipo mdomo unapoachana na sauti. Pitisha video kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua fremu 24 zisizobadilika, kisha uingize kwenye programu ya kuchora, Krita au Blender, zote za bure. Kata vipande vya sekunde 10. Kwa ukubwa wa 1280 kwa 720, tabaka moja la michoro 120 laweza kula karibu megabaiti 440 za kumbukumbu. Ukiingiza dakika nzima, laptopu ya RAM ya gigabaiti 4 huenda ikaganda. Hifadhi nakala kwenye flashi kila umeme ukirudi, na hata usipokatika.

Kwenye midomo, shughulikia m, b na p. Midomo isipofunga kwenye neno kama “mama”, mtazamaji ataona kasoro hata kama hajui iko wapi. Herufi nyingine unaweza kuzipitia harakaharaka.

Mambo ya kubuni yasizidi mawili. Boti ya Dar inayopaa na vazi la kubadilisha sura, basi. Mengine yabaki Unguja ile ile, baraza na kahawa.

Usichore kete (kifuko cha unga), bomba la sindano wala mkono unaotayarisha dozi. Mtu aliye soba akiviona, hamu inaweza kuamka palepale. Onyesha yanayofuata: miayo, kamasi, jasho, mtu anajikunyata juani.

Kabla ya kupiga mtaani, mwone sheha. Kabla ya kuonyesha hadharani, wasiliana na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Maonyesho ya kwanza yawe soba, mchana, msimamizi akiwepo, na taa ziachwe zikiwaka ili anayetaka kutoka atoke bila kujikwaa. Uliza swali moja: kuna mtu mmemtambua? Likitajwa jina, rudi ukapige upya kwa mwigizaji mwingine.