Somo: Kuchagua rilei ya volti 5 kwa kazi ndogo za elektroniki

Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa na koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme. Wengi wakiishika husoma ile 10A iliyoandikwa mgongoni, wakaridhika. Hiyo ni habari ya mzigo tu, yaani kifaa unachokiwasha. Kinachounguza bodi ni koili, basi tuanze nayo.

Hatua ya 1. Weka mita kwenye omu, pima miguu miwili ya koili. Zile rilei ndogo za bluu za volti 5 husoma karibu omu 70. Gawa 5 kwa 70, unapata kama miliampia 71. Pini ya Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuprogramu, hupaswa kutoa miliampia 20 hivi, na 40 ndiyo mwisho kabisa. Usiunge koili moja kwa moja kwenye pini, hata kama mwenzako aliunga na ikaitika. Iliitika, lakini pini inaumia.

Hatua ya 2. Weka transista katikati, swichi ndogo inayowashwa na mkondo mdogo wa pini. 2N2222 inatosha: emita kwenye graundi, kolekta kwenye koili, bezi ipitie rezista ya kilo-omu 1 hadi kwenye pini. Ncha ya pili ya koili iende volti 5. Sambamba na koili funga dayodi 1N4007, inayopitisha mkondo upande mmoja tu, mstari wake ukitazama chanya. Koili ikikatiwa umeme ghafla hutema volti nyingi za kinyume, na bila dayodi transista ndiyo inayozipokea. Ukiigeuza dayodi, umepiga shoti.

Hatua ya 3. Mzigo uunge COM (mguu wa pamoja) na NO (ulio wazi koili ikiwa haina umeme) kama unataka uzimike koili ikikosa umeme. NC (uliofungwa koili ikiwa haina umeme) ni kinyume chake.

Hatua ya 4. Sasa ndiyo usome ampia. Angalia zimeandikwa kwa AC au DC. Cheche ya AC hujizimia kwa kuwa mkondo hupita sifuri mara 100 kwa sekunde kwenye hezi 50. Ya DC haina pumziko, huendelea kula vyuma vinavyogusana ndani ya rilei. Mota nayo, ikianza kuzunguka, huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Mimi sipitishi nusu ya kilichoandikwa. Na kama bado unajifunza, ishia volti 12. Umeme wa ukutani uuache kwanza.

MASWALI

Mwalimu, natumia betri tatu za AA. Siku ya kwanza rilei ililia vizuri, sasa kimya.

Rilei nyingi za volti 5 huhitaji kama asilimia 75 ya volti zake ili zivute, yaani 3.75. Betri zako zikishuka hadi 1.2 kila moja, una 3.6, na transista nayo hula kidogo. Tafuta rilei ya volti 3.

Fundi, moduli yangu ya rilei (bodi yenye rilei na transista yake tayari) haizimiki nikitumia ESP32, bodi ya kuprogramu ya volti 3.3.

Moduli nyingi huwaka pini ikiwa chini, yaani volti 0. Ukiilisha volti 5, ile 3.3 ya ESP32 haitoshi kuizima. Kama ina JD-VCC (pini ya kulisha koili peke yake), ng'oa jampa, kile kiunganishi kidogo kinachoiunga na VCC, kisha peleka 3.3 kwenye VCC na 5 kwenye JD-VCC.

Nataka kupunguza na kuongeza mwanga wa utepe wa LED wa volti 12. Ninunue rilei gani?

Usinunue. Rilei huwasha na kuzima tu. Tumia MOSFET, aina ya transista.