SOMO: Kuonyesha video darasani kwa simu na projekta, bila bando wala aibu

Wakuu, wiki hii pekee nimefuatwa pembeni mara sita kwa swali hili hili. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia linki. Nafundisha Baiolojia kidato cha pili, Temeke, wanafunzi themanini na kitu chumba kimoja.

1. Shusha video nyumbani usiku. Ubora wa picha wa 360p unatosha.

2. Itazame yote mwenyewe kwanza. Yote.

3. Projekta iwashwe, rimoti uchague HDMI, yaani tundu la kebo ya picha.

4. ZIMA MAWASILIANO KABLA HUJACHOMEKA SIMU. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa naonyesha mzunguko wa damu, moyo umejaa ukuta mzima unadunda, darasa kimya. Juu ikashuka meseji ya mweka hazina wa kikoba: "Mwl, rejesho la wiki mbili bado, wenzio wanalalamika." Herufi kubwa kama bango la Kilwa Road. Nikakimbilia simu, kidole kikagusa ile meseji, mazungumzo yote yakafunguka. Dawati la nyuma wakasoma kwa sauti moja kama ngonjera. Mpaka leo kuna kijana tukipishana kwenye korido anakohoa "rejesho."

Kwa hiyo: weka hali ya ndege. Hakikisha na Wi-Fi imezimika, maana kuna simu zinakumbuka uliwahi kuiwasha ukiwa kwenye hali hiyo, zinaiacha hewani. Kisha washa Usinisumbue, kwa sababu vikumbusho havingoji mtandao. Picha ya kebo haitakatika. Wanaorusha picha bila waya wanahitaji Wi-Fi, basi watafute simu ya pembeni isiyo na WhatsApp.

5. Adapta (ya kutoa USB-C ya simu kwenda HDMI), kebo, simu. Chomeka.

6. Simamisha kila dakika mbili uulize swali. Ukiiacha iende mpaka mwisho umewapeleka sinema.

MASWALI

— Mkuu nimenunua adapta Kariakoo, nimechomeka, projekta haioni kitu. Nimepigwa?

Si lazima. Simu nyingi za bei ya chini, tundu lake la USB-C linapitisha chaji na mafaili tu, halitoi picha. Siku nyingine nenda na simu yako dukani, wakujaribishie kwenye TV kabla hujalipa. Kwa sasa, kama projekta ina tundu la USB, weka video ya MP4 kwenye flashi.

— Naomba maelekezo namna ya kuzuia meseji zisionekane.

Hatua ya 4.

— Nimeiona ila ndefu.

Basi msubiri mweka hazina wako.

— Mwalimu, kwa flashi picha inaonekana ila sauti haitoki, na kwenye laptop inatoka. Kwa nini?

Swali zuri. Faili la video ni kama kapu: ndani kuna picha na sauti, kila moja imefungwa kivyake. Projekta yako inajua kufungua picha, sauti imeishinda. Igeuze sauti iwe ya aina ya AAC au MP3 kwa programu ya VLC, ni ya bure. Anza na kipande cha dakika moja usije ukakesha. Ikigoma niandikie aina ya projekta, tuhangaike wote.

— Nataka kurekodi kipindi nirushe TikTok, wazazi waone kazi.

Rekodi ubao na mkono wako. Sura ya mtoto ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Pata ruhusa ya mzazi kwa maandishi.

— Mbona wengine wanarusha?

Kawaulize wao.

— Madirisha yetu hayana pazia, picha inafifia.

Kanga mbili na pini.

— Nyongeza wakuu: umeme ukikatika ukarudi, msiwashe projekta ya taa papo hapo. Ipoe kwanza. Ya kwetu taa ilikufa hivyo.

Asante, hilo nililisahau. Na wenye ubao mweupe, ielekezeni hapo. Simamisha picha kwenye moyo, mwite mwanafunzi achore mishale ya damu kwa kalamu ya ubao, kisha zima projekta. Moyo unatoweka, mishale inabaki inaelea. Mwite mwingine auchore moyo wa kuitosha.