Somo: Kumchagulia mwanafunzi wa chuo laptopu ya gemu, Unguja na Pemba

Assalaam aleikum ndugu zangu. Vyuo vikikaribia kufunguliwa, simu ninazopigiwa huwa za aina moja: mtoto kapata nafasi SUZA au Karume, anataka laptopu ya gemu, anunuliwe ipi? Nimeona bora niliweke somo lote hapa, mzazi na mwanafunzi walisome pamoja kabla pesa haijatoka.

Msimamo wangu ni huu. Kwetu visiwani laptopu ya gemu huuliwa na joto, chumvi na umeme mapema kuliko inavyopitwa na wakati. Kwa hivyo kila mara nitakushauri uchukue mashine inayopoa vizuri na inayofunguka kwa fundi wa kawaida, hata kama kadi yake ya grafiki (kifaa cha ndani kinachochora picha za gemu) ni ya daraja la chini kidogo, na ile nyembamba ya kupendeza yenye jina kubwa uiache dukani.

Bei sitazitaja kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na dola. Zunguka maduka matatu ya Darajani na Mlandege siku moja, kisha mpigie mtu aliyepo Kariakoo akuulizie mashine ile ile. Hapo utajua unauziwa kwa haki au la.

Hatua ya kwanza: kozi kwanza, gemu baadaye

Anayesomea uhandisi, usanifu majengo, picha za mwendo au kuhariri video atatumia AutoCAD, Blender, Premiere na wenzao. Programu hizi hufaidika na kadi ya grafiki, kwa hivyo kwake laptopu ya gemu ni kifaa cha kazi. Anayesomea ualimu, sheria au uhasibu haihitaji kwa masomo. Ataitaka kwa gemu tu. Kucheza si kosa, ila mzazi ajue analipia nini.

Kisha mwanafunzi ataje gemu anazocheza kwa kweli, siyo zile anazoziangalia YouTube. Valorant na eFootball hazidai mashine kubwa. EA Sports FC na GTA V zinataka kadi ya wastani na nafasi kubwa ya diski. FC peke yake hukaribia GB 100.

Hatua ya pili: kadi ya grafiki, na wati zake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi mtakazokutana nazo zaidi ni za NVIDIA: RTX 3050, 4050, 4060, na sasa 5050 na 5060. Tazama kwanza kumbukumbu ya kadi yenyewe. RTX 3050 nyingi za laptopu zina GB 4, na hizo gemu za sasa zinazijaza upesi. RTX 4050 ina GB 6. RTX 4060 na 5050 zina GB 8. Kwa mwanafunzi anayetaka mashine ya miaka minne ya chuo, mimi naona RTX 4050 ndiyo pa kuanzia.

Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni wati. NVIDIA huwaachia watengenezaji waamue kadi ipewe umeme kiasi gani. RTX 4050 ya laptopu yaweza kuwekwa popote baina ya wati 35 na 115, na RTX 4060 vivyo hivyo. Kwa hivyo 4060 iliyobanwa kwenye bodi nyembamba kwa wati 45 na 4050 iliyopewa wati 100 zinaweza kucheza karibu sawa, na wewe umelipa zaidi kwa ajili ya stika. Kuzijua wati, fungua NVIDIA Control Panel, ingia kwenye taarifa za mfumo, utafute mstari wa Maximum Graphics Power. Ni kazi ya dakika moja, na inafanyika pale pale kaunta.

Hatua ya tatu: prosesa, RAM na diski

Prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Kwa zile za Intel, neno i7 peke yake halina maana. i7-4600U ilitoka 2013 na ina viini viwili tu. I5-12450H ya 2022 ina vinane. Soma namba yote. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari zinaonesha kizazi, na herufi ya mwisho inaonesha aina: H ni ya nguvu, U ni ya kubana matumizi ya umeme. Kwa AMD tafuta HS au H mwishoni, mfano Ryzen 5 7535HS.

Kwa mashine iliyotumika, prosesa ya Intel isiwe chini ya kizazi cha 8. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi zile za nyuma ya hapo. Valorant kwenye Windows 11 inakataa kabisa kufunguka kama TPM 2.0 na Secure Boot, yaani kinga mbili za usalama zilizo ndani ya mashine, hazijawashwa.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi, iwe GB 16, na iwe vipande viwili vya 8. Kipande kimoja kinaipunguzia mashine kasi, gemu zinakwamakwama. Diski iwe SSD ya NVMe (aina ya kasi, isiyo na kitu kinachozunguka ndani), GB 512 kwa uchache.

Hatua ya nne: joto na hewa ya bahari

Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Chumba cha dakhalia wakati wa kaskazi, dirisha moja, wenzako watatu ndani, tayari kina joto kabla hujawasha chochote. Ndiyo maana bodi nene kidogo yenye feni mbili na matundu makubwa nyuma inashinda bodi nyembamba.

Niliwahi kufungua laptopu ya kijana wa Nungwi, nyumba yao iko karibu na maji. Skurubu za feni zilikuwa zimeota kutu, na kwenye mapezi ya shaba vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu kama zulia. Feni inazunguka kwa nguvu zote, hewa haipiti. Yeye alidhani kadi imekufa. Tulisafisha, tukabadilisha pesti ya joto (ile inayopitisha joto la prosesa na kadi kwenda kwenye kipozeo), ikarudi kucheza.

Kwa hiyo isafishwe kila baada ya miezi sita, na pesti ibadilishwe baada ya mwaka mmoja au miwili. Usiitumie juu ya godoro, matundu ya chini yanazibika. Na kama unakaa ufukweni, usiiache wazi dirishani usiku.

Hatua ya tano: umeme, betri na uzito

Chaja za laptopu hizi ni za wati 180 hadi 230 hivi. Umeme ukikatika, chomoa. Hatari kubwa ipo pale unaporudi kwa kishindo. Kama pesa inaruhusu nunua ile frijigadi tunayowekea friji. Inasubiri umeme utulie ndiyo unaruhusiwa kupita, na wakati huo betri inaishika mashine.

Usitegemee kucheza kwa betri. Mashine ikichomolewa hupunguza nguvu ya kadi kwa makusudi, gemu linakuwa zito, na betri haifiki mbali. Kwa kusomea na kuandika, betri ya Wh 70 (wati-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) inafaa kuliko ya 50. Bora zaidi kama mashine inakubali kuchajiwa kwa USB-C, maana mtu anabeba chaja ndogo kwenda darasani na lile tofali analiacha chumbani. Laptopu hizi zina kilo mbili na zaidi bila ya chaja. Anayepanda daladala kila siku kwenda Tunguu ataujua uzito huo begani.

Hatua ya sita: kaunta, kabla ya kutoa pesa

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha GPU. Utaona namba mbili za kumbukumbu. Penye neno Dedicated ndipo penye kadi yenyewe. Penye Shared ni RAM ya kawaida iliyoazimwa. Kuna watu wameuziwa "grafiki GB 8" ambayo yote ni ya kuazima, kadi hakuna.

Kwa iliyotumika, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa inajaa kiasi gani. Ikiwa ilikuwa 60,000 na sasa ni 30,000, nusu imekwenda, na bei ishuke. Halafu washa gemu lolote zito, uliache robo saa, uweke mkono karibu na matundu ya nyuma. Hewa itoke ya moto na itoke kwa nguvu. Ikiwa kibodi inaunguza na nyuma hakutoki kitu, iache.

Omba risiti yenye namba ya mashine, na muda wa waranti uandikwe. Maneno ya mdomo hayatakusaidia.

Maswali ya wanachama

Mzazi, Wete: Shikamoo fundi. Mwanangu anakwenda kusomea uhasibu, ameng'ang'ania laptopu ya gemu. Nimkatalie?

Marahaba mama, ingawa heshima ni yako. Kwa uhasibu hahitaji kadi ya grafiki. Lakini kuna njia ya kati: laptopu ya kawaida yenye prosesa ya Ryzen iliyo na grafiki ya ndani ya Radeon 680M au 780M. Ni nyepesi, betri inadumu, na gemu za wastani inacheza kwa kupunguza ubora wa picha. Mpelekee pendekezo hilo, na pesa itakayobaki itamsaidia kwa chakula na nauli.

Mwanafunzi wa uhandisi, Mbweni: Kuna ZBook na ThinkPad P za mtumba, muuzaji anasema Quadro ni bora kuliko RTX. Kweli?

Quadro ni kadi za NVIDIA za kazi za kitaalamu, na hizo ZBook za HP na ThinkPad P za Lenovo ni laptopu za kazi nzito. Kwa AutoCAD na SolidWorks ni kadi nzuri na bodi za laptopu hizo ni imara sana, nakubali. Kwa gemu usitarajie makubwa. Quadro P2000 ya GB 4 iko karibu na GTX 1050 Ti ya zamani. Chunga kizazi cha prosesa: ThinkPad P52 ni kizazi cha 8, P51 ni cha 7. Na kwa kuwa nyingi zilikuwa za makampuni, izime, uiwashe, uingie BIOS (mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows) mbele ya muuzaji. Ikidai nywila asiyoijua yeye, usiichukue hata kwa bei ya bure.

Mwanachama, Mkwajuni: Ami yangu yuko Maskati, anakuja mwezi ujao. Aniletee kutoka huko?

Anaweza, na plagi yao ni ya pini tatu za bapa kama yetu. Aangalie mambo mawili. Vitufe huenda vikawa na herufi za Kiarabu pembeni ya za Kilatini; kwa matumizi hakuna shida, ila ujue. La pili ni waranti: aulize kwa maandishi kama inakubalika nje ya Oman, maana nyingi huishia huko huko. Kwenye ndege aibebe mkononi, asiiweke kwenye mzigo wa chini, na risiti awe nayo kwa ajili ya forodha.

Mwanafunzi, Tunguu: Nikiiacha kwenye chaja siku nzima betri inakufa?

Inachoka mapema, khasa kwa joto letu. Programu ya mtengenezaji, mfano Vantage ya Lenovo au MyASUS, ina sehemu ya kuizuia betri isipite asilimia 80 hivi. Iwashe siku ya kwanza. Unapojua utatoka bila ya chaja, izime usiku wa kuamkia.

Mwanafunzi, Mchangamdogo: Bando litaniua. GB 100 kwa gemu moja napata wapi?

Kama mwenzako wa chumbani anatumia Steam na tayari analo, msilipakue tena. Tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao wa ndani. Unganisheni zote mbili kwenye ruta moja, au bora zaidi kwa waya, nyote wawili ruhusuni kuhamishiana gemu na marafiki kwenye mipangilio ya Steam sehemu ya Downloads, kisha uanze kupakua kama kawaida. Faili zitatoka kwenye mashine ya mwenzako, na bando litatumika kidogo sana. Gemu lenyewe lazima uwe nalo kwenye akaunti yako.

Mwanachama, Fuoni: Ile meza ya feni za kupoza inafaa?

Inasaidia kidogo. Kinachosaidia ni kuinua nyuma ya laptopu ili hewa iingie chini, na hilo unalipata kwa vizibo viwili vya chupa. Pesa ya meza iweke kwa ajili ya kusafisha na pesti.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: Pesa haitoshi zote sasa. Nikinunua ya chini, nikaongezea bumu la pili likitoka, inawezekana?

Inawezekana kwa RAM na SSD tu. Kadi ya grafiki, skrini na mfumo wa kupoza utakaa navyo kama ulivyonunua, kwa hiyo pesa ya leo iweke hapo. Chukua hata yenye RAM GB 8 kipande kimoja na diski ya 512, utaongeza baadaye. Jua tu kwamba bei za RAM zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, usikisie gharama kwa bei za zamani. Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afungue mfuniko wa chini mbele yako, uone kwa macho kama nafasi ya pili ya RAM ipo. Kuna mashine ambazo RAM imechomelewa kwenye ubao wa ndani, na kama hakuna nafasi ya ziada haiongezwi.