Kubadilisha oringi za nozeli kwenye Corolla 110: harufu ya petroli si ya kuvumilia

Ukifungua boneti asubuhi injini ikiwa ya baridi ukasikia harufu ya petroli, hiyo gari usiiwashe kwanza. Nasema hivyo kwa moyo wote kwa sababu mimi niliiwasha karibu mwezi mzima. Corolla 110 yangu, injini 5A, kila asubuhi inanukia kwa sababu ya oringi, zile raba za mviringo zinazoziba kwenye nozeli (vile vipulizia petroli kwenye injini), ukishaendesha dakika kumi harufu inakata, nikawa najiambia labda ni mfuniko wa tangi. Kumbe raba ikipata joto inatanuka inaziba, ikipoa inasinyaa inavuja, na petroli yenyewe inadondokea karibu na kichwa cha injini. Nikampelekea fundi mmoja, akachomoa nozeli, akapaka silikoni juu ya oringi ileile ya zamani akarudisha. Haikufika wiki mbili gari ikaanza misi, yaani injini inarukaruka moto haushiki vizuri, kufungua tukakuta vipande vya silikoni vimejaa kwenye kale kachujio kadogo kalikopo juu ya nozeli. Silikoni na petroli havikai pamoja jamani, petroli inailainisha inavimba inamomonyoka. Toka siku hiyo kazi hii naifanya mwenyewe nyumbani, na ni kazi ya asubuhi moja tu.

Elewa kwanza kwamba kila nozeli ina raba za juu na za chini na kazi zake ni tofauti. Juu kuna oringi inayoingia kwenye reli ya mafuta, lile bomba linalogawa petroli kwa nozeli zote, hiyo inazuia petroli, chini yake kuna raba nene kama pete. Huku chini nozeli inapokaa kwenye tundu lake kuna raba nyingine, hiyo inazuia upepo usiingie kwa njia ya wizi. Ya juu ikichoka unapata harufu, inavuja. Ya chini ikichoka hupati harufu yoyote ila silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inacheza, inapanda inashuka, gari inatetemeka ikiwa imesimama kwenye foleni, na watu wanabadilisha plagi, wanabadilisha waya, wanasafisha throto, pesa inaisha tatizo lipo palepale. Kuipima ni rahisi, injini ikiwa kwenye silensa chukua bomba la sindano lenye maji, dondoshea kidogo kuzunguka chini ya kila nozeli, ukiona mlio wa injini umebadilika kwenye moja ujue hapo inanyonya upepo. Usipime kwa kupuliza kemikali zinazoshika moto kama wengi wanavyofanya, ekzosi ya injini hii ipo upande wa pili tu hapo na inakuwa ya moto kweli.

Kwenye spea usiende kununua raba za mabomba ya maji eti saizi inaingia. Mwambie muuzaji unataka oringi za nozeli za petroli, zikiwa za vaitoni (aina ya raba) ni bora zaidi kwa sababu zinavumilia joto, na nunua seti nzima ya nozeli 4, juu na chini. Usibadilishe moja iliyovuja ukaziacha tatu, zote zina umri mmoja na zimepikwa na joto lilelile. Chukua pia washa mbili mpya, yaani pete za kuziba, za ile bolti kubwa inayofunga paipu ya mafuta kwenye reli, zile za zamani zikishakazwa mara moja zinabonyea, ukizirudisha zinaweza kuvuja.

Sasa kazi. Gari iwe imelala, injini ya baridi kabisa, uwanja wazi wenye hewa, simu na sigara viwe mbali, mtungi wa kuzimia moto uwe umewekwa chini karibu na mguu wako na sio kwenye buti. Ndani ya reli kuna presha karibu bar 3, yaani inazidi upepo wa tairi lako, kwa hiyo ukifungua bolti kienyeji petroli inakurukia usoni. Nyanyua siti ya nyuma, fungua kale kamfuniko, chomoa soketi ya pampu ya mafuta, kisha washa gari uiache mpaka ijizimie yenyewe, piga stata tena sekunde chache kumalizia. Hapo ndio utoe tamino ya negativu ya betri. Hata baada ya hayo, unapolegeza ile bolti kubwa ifunike na kitambaa, kuna kidogo kitatoka tu.

Reli ipo upande wa nyuma wa injini, kuelekea dashibodi, unafanya kazi umeinama na mkono haupiti vizuri, kwa hiyo toa kwanza hozi ya hewa na chochote kinachokuzuia. Kabla hujagusa nozeli puliza upepo kuzunguka kila moja, hapo chini kuna mchanga wa miaka mingi na ukichomoa bila kupuliza wote unadondokea ndani. Soketi za nozeli plastiki yake imekauka inavunjika kama biskuti, bonyeza kaklipu taratibu usivute kwa waya, na ziandike namba kwa tepu. Toa hozi ya mafuta yanayorudi tangini, fungua bolti mbili za reli kwa soketi namba 12, halafu ivute reli kwa usawa, kushoto kidogo kulia kidogo, nozeli zitakuja nayo.

Hapa kuwa makini. Chini ya reli kwenye zile bolti mbili kuna spesa mbili ndogo, vipande vya kuachanisha reli na injini, zinadondoka bila kujua, na ukifunga bila hizo reli inabana nozeli vibaya. Ziweke mfukoni. Na raba za chini mara nyingi zinabaki zimeganda kwenye matundu, zitoe kwa kijiti sio bisibisi, na ukishatoa ziba kila tundu kwa kitambaa safi, vitambaa vinne, uhesabu vinne wakati wa kutoa.

Oringi ya zamani ukiishika mkononi utaelewa kila kitu. Ile mpya ni mviringo, ukiibinya inarudi. Yangu ilikuwa imebonyea imekuwa bapa pande zote, nilipoikunja ikakatika kwa mlio mdogo, "tak", kama ukucha. Zitoe kwa kijiti cha meno, usitumie kisu wala msumari, mkwaruzo mmoja kwenye ule mfereji oringi inapokaa na oringi mpya nayo itavuja. Futa mfereji mpaka ung'ae.

Valisha nozeli raba nene kwanza halafu oringi, uipake petroli kidogo tu kwa kidole, au mafuta mepesi ya cherehani. Usipake oili ya injini wala ya breki. Isukume nozeli kwenye reli huku unaizungusha, usiigonge. Weka raba mpya za chini kwenye matundu, rudisha spesa, kalisha reli, kisha kabla hujakaza shika kila nozeli uizungushe kwa vidole. Lazima izunguke laini. Ikikwama maana yake oringi imejikunja au imekatika, itoe uangalie upya, usijidanganye kwamba itajikalisha yenyewe. Mimi kila nikifanya nakuta moja imekataa na kila mara nikiitoa nakuta kweli imejikunja. Bolti kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ni bolti ndogo kwenye alumini, usikaze kama nati za tairi.

Kabla ya kupiga stata pima uvujaji injini ikiwa imezimwa. Rudisha paipu ya mafuta na washa zake mpya, hozi ya mafuta yanayorudi, soketi za nozeli, soketi ya pampu na betri, fungua kile kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS ndani ya boneti, unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, weka swichi ON, pampu itaanza kulia na reli itajaa presha bila injini kuzunguka. Mulika tochi ya LED kila nozeli, pitisha karatasi ya tishu kuzunguka, iache dakika tano upitishe tena. Ikilowa, zima rudi nyuma. Ikiwa kavu toa waya, washa, sikiliza silensa.

Halafu usimalizie hapo. Iache ilale, kesho yake alfajiri kabla hujawasha fungua boneti, ingiza kidole mpaka pale oringi inapoingia kwenye reli, nozeli zote nne, unuse kidole.